Maumivu ya Diwani

Diwani alirudi nyumbani kwa gari la waya, amelazwa ndani ya tenga la tangawizi na kufunikwa kanga mpaka shingoni kama mzazi aliyetoka wodini. Nakijwa alikuwa amesimama kituoni tangu ukungu haujaachia bonde. Alipoliona tenga linakuja, linaning'inia juu ya miti, likiyumba kidogo kila lilipovuka nguzo, aliisahau baridi ya miguuni.

"Mpokeeni mheshimiwa!" alipaza sauti mpakia mizigo, akilishika tenga lisigonge ukingo. "Njia nzima kanilamba mkono. Sijui anataka kura yangu."

Waliokuwa wakisubiri mizigo yao walicheka. Jina la Diwani mbwa huyo alipewa na marehemu Elineema, mume wa Nakijwa, kwa sababu tangu akiwa mdogo hakuacha siku ipite bila kuzunguka nyumba zote za kilima cha Ivuga. Alisalimia, akaonja alichopewa, akaendelea na safari. Alipokua ikaonekana kwamba pua yake ina kazi. Ugonjwa wa kuoza wa tangawizi huanza chini, kwenye tunguu, na jani likija kugeuka manjano tuta zima limeshakwenda. Diwani aliunusa mapema. Alisimama juu ya tuta, akaweka mguu wa mbele mahali palipooza, akangoja mtu aje achimbe. Ivuga yote hapakuwa na nyumba ambayo mbwa huyo hakuwahi kuiokolea shamba.

Sasa mguu wake wa nyuma wa kulia ulikuwa umenyolewa manyoya yote, na mshono ulishuka toka nyonga hadi karibu na goti. Alikuwa ameanguka kutoka ukuta wa ndiva, lile bwawa la kugawia maji ya mashamba, akifukuza ngedere. Mfupa wa paja ukakatika. Kule Same walimpasua, wakauunga mfupa kwa bamba la chuma na skrubu, wakamshona.

Dokta Aikande Mmasi, aliyemfanyia upasuaji, alipanda naye mpaka nyumbani. Alikuwa mtu wa Moshi, mwanamke mfupi mwenye viganja vipana, na alipoketishwa kwenye kigoda uani alikataa chai mpaka amalize maelekezo.

"Sikiliza, mama. Vidonge hivi asubuhi na jioni, baada ya kula. Asipokula usimpe, nipigie simu. Vidonge vyako wewe, vya kichwa au vya mgongo, usimpe hata kipande."

"Hata nusu?"

"Hata unga wake. Vinaharibu figo za mbwa. Siku hizi za mwanzo, kitambaa cha maji baridi juu ya uvimbe, usikibonyeze. Uvimbe ukishuka, geuza, maji ya uvuguvugu. Akienda kujisaidia, mpitishie kanga chini ya tumbo umwinue nyuma, atembee na mitatu. Hilo koni la plastiki la shingoni, la kumzuia asilambe mshono, usimvue hata akikuangalia vibaya."

Nakijwa alikuwa akirudia kila jambo kwa sauti ya chini, akigusa pingili za vidole moja baada ya nyingine. Hakuwahi kusomea uuguzi. Alichojua alikijua kwa kumuuguza mtu mmoja, kwa muda mrefu, katika nyumba ile ile.

"Nitajuaje kama anaumwa sana?"

"Mbwa hapigi kelele mpaka yamemzidi. Tazama masikio, yakilala nyuma. Tazama kama anahema na hakuna joto. Kama anatetemeka, kama anautazama mguu wake kila saa kama vile kuna mtu kamwita kutoka huko." Dokta akafunua kanga shingoni kwa mbwa. "Halafu kuna hiki."

Katikati ya mabega ya Diwani, mahali palipokwanguliwa manyoya, palikuwa pamebandikwa kiraka chembamba cha rangi ya udongo, chenye punje tano za kioo zilizopangwa kama shanga. Nne zilikuwa zinawaka.

"Mmemwekea mbwa?" Nakijwa aliuliza.

"Ndiye wa kwanza mimi kumwekea. Neva ni neva, mama."

Viraka havikuwa vigeni Ivuga. Kiraka kiliyasikiliza maumivu yakiwa njiani kwenda ubongoni, kikakata sehemu yake, na sehemu hiyo ikasafiri hewani mpaka kwenye bangili ya mtu aliyekubali kuipokea. Huyo ndiye aliyeumwa badala yake, mahali pale pale, kwa kiasi alichochukua. Waliotengeneza mitambo hiyo mwanzoni walijaribu kuyazima tu maumivu, bila kumpa mtu. Haikufaa. Neva isiyojibiwa iliendelea kuita, kila siku kwa nguvu zaidi, na wagonjwa waliamka miezi baadaye wakiungua mahali palipokwisha kupona. Maumivu yalitaka ubongo wa kuyajibu. Hayakujali ni wa nani.

Kwa watu wa Upare jambo hilo halikuhitaji mahubiri. Msaragambo walikuwa nao tangu mababu: barugumu likilia, kila nyumba inatoa mtu, barabara inalimwa, ndiva inazibuliwa, watu wanakula pamoja, wanarudi kwao. Kumpokea mgonjwa maumivu wakakuingiza humo humo. Kila nyumba ilikuwa na bangili zake, zimetundikwa karibu na majembe. Mtu akiugua, majirani walikuja wakagusisha bangili kwenye kiraka, fundo likafungwa, na kuanzia hapo bangili ilipokea hata mwenye nayo akiwa shambani upande wa pili wa kilima. Kulilegeza fundo aliweza yeye mwenyewe tu, kwa kuizungusha bangili kinyume. Na sharti lilikuwa moja: mgonjwa ndiye anayeulizwa. *Nikuachie kiasi gani?* Akisema achiwa yote, anaachiwa yote.

"Huyu huwezi kumuuliza," dokta alisema, kama aliyeona anachofikiria Nakijwa. "Kwa hiyo nakwambia mimi. Punje zinazowaka ndiyo maumivu anayobaki nayo. Ziwake mbili. Tatu ni nyingi mno, hatalala. Ikibaki moja, nipigie. Zikizimika zote, ataamka aende kusalimia watu."

Ndipo akaomba chai yake.

*

Nakijwa alimzungushia Diwani zizi dogo la mbao sebuleni, kama la ndama, akatandika gunia na juu yake shuka la zamani. Alifunga fundo lake mwenyewe kwanza. Maumivu yalimwingia pajani kama jino bovu lililohama kinywani, na akabaki ameshika ukuta, anapumua polepole, mpaka akayazoea. Alipotazama chini, punje ya nne ilikuwa imezimika na masikio ya mbwa yamesimama.

"Haya," alimwambia. "Sasa tuko wawili."

Kazi ikapata utaratibu wake. Uji wa dona uliochanganywa na dagaa, kisha kidonge ndani ya tonge. Kitambaa cha maji baridi, kukikamua, kukirudisha. Safari za kwenda nyuma ya nyumba, Nakijwa ameshika ncha mbili za kanga kama anayebeba kuni, akichechemea mguu wa kulia, na mbele yake Diwani akichechemea mguu huo huo. Mwanzoni mbwa aliona haya kukojoa huku ameshikiliwa. Alimgeukia, akangoja.

"Siangalii," Nakijwa alisema, na kweli akageuza uso kuelekea migombani.

Wageni wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa jirani wa chini, Mama Eliamani, na sauti yake ilitangulia kama kawaida.

"Hodi humu! Yuko wapi huyo mheshimiwa anayeruka kuta uzeeni?"

"Karibu, dada. Amelala."

"Hajalala, ananitazama. Pole, baba. Pole sana. Ngedere mwenyewe ulimpata? Hukumpata." Alikuwa ameshaivua bangili mkononi. "Nimpokee kidogo."

"Dokta kasema punje mbili zibaki."

"Kidogo tu, dada, kama chumvi. Mwaka juzi huyu aliniokolea matuta yote ya chini. Nitoke hapa mikono mitupu, watu waniangalie?"

Nakijwa angewezaje kumkatalia? Anayekuja kumwona mgonjwa akaondoka bila kumpokea alikuwa kama aliyefika msibani akakataa kuketi, na anayezuia bangili ya mgeni ni kama amemwambia sikuhitaji. Mama Eliamani aliinama, akagusisha, akasema "Uwii!" akashika paja, akacheka. Baada yake walikuja wa kanisani. Wakaja walimu wa shule ya chini. Wakaja wapakiaji wa kituo cha gari la waya, wakiwa wamenawa mikono. Kila mmoja alisema kidogo tu, na kila mmoja alichukua kidogo kuliko uwezo wake na zaidi ya alichosema.

Kirumbe alikuja peke yake, alasiri. Alikuwa kaka mkubwa wa Elineema, mrefu, mkavu, mtu wa maneno machache.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Anakula?"

"Anakula vizuri."

Kirumbe alipiga magoti kwa shida. Diwani alikuwa wa mdogo wake kabla ya kuwa wa mtu mwingine yeyote, na kwenye kitanda cha mdogo wake, sebule hiyo hiyo, mbwa na kaka walikuwa wamekaa pande mbili mpaka mwisho. Hakusema atachukua kiasi gani. Aligusisha bangili, akafumba macho muda mrefu, akainuka akatoka akichechemea kwa heshima zake, kama vile alizaliwa hivyo.

Jioni ile punje moja ilikuwa inawaka. Nakijwa aliona, akafikiri ni vidonge vimefanya kazi. Kesho yake ilikuwa imefifia mpaka ilibidi aikinge na kiganja ili aione. Alijua alichoambiwa. Lakini mbwa alikuwa amelala ubavu, miguu ya mbele ikitikisika ndotoni, tumbo likipanda na kushuka taratibu, na jikoni Nakijwa alijikuta anaimba huku anasugua sufuria, jambo ambalo hakulifanya tangu msiba. Nani apige simu kulalamika kwamba mgonjwa wake hana tatizo?

*

Nakijwa alitoka kidogo tu, kuchukua zamu yake ya maji kwenye mfereji. Aliporudi, ubao wa mbele wa zizi ulikuwa umelala chini na koni limebaki mlangoni.

"Diwani!"

Alishuka njia ya chini akikimbia alivyoweza. Mama Eliamani alikuwa anaanika maharage.

"Kapita hapa sasa hivi!" alisema, uso umemchangamka. "Mzima kabisa, dada! Nimempa kiporo, kamaliza, kaenda. Nimesema Mungu ni mkubwa."

"Alikuwa anatembea na mingapi?"

"Mingapi nini?"

"Miguu, dada!"

Mama Eliamani akafikiri. Tabasamu likamtoka polepole. "Yote," alisema.

Nyumba ya pili walisema hivyo hivyo, ya tatu vile vile. Kila mlango ulikuwa na furaha yake: kapita, kasalimia, kanywa maziwa. Nakijwa alimkuta kwenye shamba la Kirumbe, katikati ya matuta, amesimama wima akitikisa mkia, mguu wa mbele ameuweka juu ya udongo. Alikuwa kazini. Alikuwa ameona mahali panapooza na anangoja mtu aje achimbe.

Paja lake lilikuwa limevimba kama papai. Mshono ulikuwa umeachia sehemu mbili, damu imechirizika mpaka kwenye kucha za vidole, na uzito wote wa nyuma aliuegemeza hapo hapo, kwenye mguu uliovunjika. Hakuutazama hata mara moja. Punje zote tano zilikuwa nyeusi.

Nakijwa alimbeba. Hakujua alipata wapi nguvu hizo.

*

Dokta Aikande alipanda na tenga la kwanza lililokuwa tupu. Alipitisha kioo chake cha kuonea mifupa juu ya paja, akakitazama, akakigeuza ili Nakijwa naye aone: bamba, mstari mweupe wa mfupa, na skrubu moja imechomoza kama msumari wa kiti kibovu.

"Bamba limeshika. Skrubu hii imelegea. Mfupa ukipewa utulivu, utaziba hivyo hivyo. Akiruka tena, akakimbia tena, hata mara moja, bamba litang'oka na huo mguu nitaukata." Alisema bila hasira. "Nani wamempokea?"

"Watu."

Dokta aligusa ukingo wa kiraka na kusoma kilichoandikwa kwenye kioo. Akainua nyusi. "Kilima hiki kina nyumba ngapi?"

"Kama ishirini hivi."

"Kuna mafundo karibu mara mbili yake. Wengine wamefunga bangili za nyumba nzima." Akatikisa kichwa, na mdomo ukamcheza. "Nyie Wapare, bwana. Mahakamani mnabishana nani alipe, nikadhani hapa mtabishana nani asichukue."

"Ingekuwa Moshi," Nakijwa alijibu huku anafuta machozi, "mngeshayauza kwa kilo."

Dokta alicheka kweli, akaanza kushona upya. Mbwa alimtazama kwa udadisi mtulivu, kama anayetazama fundi akiziba tundu la suruali ya mtu mwingine. Hilo ndilo lililomtisha Nakijwa kuliko skrubu. Sindano iliingia na kutoka katika nyama yake, naye alikuwa anapiga miayo.

"Ukikibandua kiraka?"

"Mafundo yakiwa yamefungwa, maumivu yote yanamrudia kwa mpigo mmoja. Moyo wake sitaudhamini."

"Nimfunge kamba?"

"Asiyeumwa atavuta kamba mpaka atoe bamba. Na usiku atautafuna mshono, maana kwake unawasha tu. Mama, kwa akili ya huyu mbwa, huo mguu ni mzima. Hakuna kitu duniani kinachomwambia vinginevyo. Tulikuwa na kitu kimoja cha kumwambia, tumekichukua."

*

Barugumu lililia mchana, na watu wa Ivuga wakaja na majembe, kwa sababu barugumu likilia mtu huchukua jembe. Walikuta sufuria kubwa la makande linatokota uani na Diwani amelazwa kivulini juu ya gunia, Nakijwa amemshika kwa mikono miwili, maana kila aliyeingia mbwa alitaka kwenda kumsalimia.

"Tunalima wapi?" mmoja wa wapakiaji aliuliza.

"Hatulimi," Nakijwa alisema. "Nimewaita mje kutua mzigo."

Aliwaeleza yote: bamba, skrubu, alichosema dokta. Aliwaonyesha paja. Kisha akasema alichotaka: kila mtu alegeze bangili yake, mmoja mmoja, polepole, mpaka punje mbili ziwake.

Watu walitazamana kama wanaodhani wamesikia vibaya.

"Tumrudishie mgonjwa maumivu?" Mama Eliamani alisema. "Nakijwa, umekula nini leo?"

"Makande hayajaiva, dada. Sijala kitu."

Hakuna aliyecheka sana. Watu walizishika bangili zao, wakazitazama. Mwalimu mmoja alisema labda wamrudishie kesho, akishapumzika. Mwingine akasema wamrudishie punje moja tu. Dokta, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda, alitikisa kichwa mara zote mbili.

Kirumbe alikuwa amesimama nyuma, jembe begani. Alipoanza kusema, watu walimpisha.

"Mimi siwezi," alisema. "Shemeji, nisamehe. Tangu nizaliwe sijaona watu wanaitwa kwa barugumu ili wamuumize aliyelala."

"Shemeji, mguu—"

"Nimesikia habari ya mguu. Ndugu yangu alipokuwa anaondoka, kila asubuhi nilimuuliza: nikuachie kiasi gani? Siku nyingine alisema chukua yote. Siku nyingine alisema niachie kidogo, nijue kwamba bado nipo. Nikamwachia. Niliumia kumwachia, lakini alisema yeye." Akamwelekezea mbwa kidole. "Huyu kasema nini?"

Chini ya viganja vya Nakijwa mwili wa Diwani ulikuwa na joto na umejaa hamu ya kuinuka. Alilifikiria swali, kwa sababu lilikuwa swali la haki, na hakuona jibu linalolimaliza.

"Hajasema kitu," alisema. "Hakusema tumrudishie. Lakini, shemeji, hakusema tumwondolee pia. Tulimwondolea bila kumuuliza tukajiona watu wema, na mimi wa kwanza. Nimeimba humo jikoni. Sasa namrudishia bila kumuuliza, na sijui kama ni wema. Nikiwaambia najua nitakuwa nawadanganya. Ninachojua ni kwamba kesho akiruka, mguu unakatwa, na siku hiyo pia hatutakuwa tumemuuliza."

Akaishika bangili yake, akaizungusha kinyume.

Maumivu yalimtoka pajani yote kwa pamoja. Mguu wake ukawa mwepesi, mzuri, na akaona haya kwa jinsi alivyofurahi. Punje ya kwanza ikawaka kidogo, rangi ya kaa linalokaribia kuzimika. Diwani aliacha kuvuta. Aligeuza kichwa, akamtazama.

"Ni mimi," alimwambia. "Nimeyarudisha mimi."

Mama Eliamani alivuta pumzi kwa kelele. "Haya, haya. Na mimi nisubiri nini, nimekuwa nachechemea mpaka kuku wananicheka." Alilegeza, akageuka upande asione. Kisha wapakiaji, kisha wa kanisani, kila mmoja akija mbele, akisema "Pole, mheshimiwa," akizungusha bangili, akirudi nyuma huku anajinyoosha mguu kwa siri. Walimu walikuwa na bangili mbili mbili. Dokta alishika mapigo ya mbwa muda wote, akiinua mkono kuwasimamisha, akiushusha kuwaruhusu. Diwani alianza kuhema. Masikio yalilala nyuma. Alitoa mlio mmoja mfupi, mwembamba, na uani watu wazima waliokuwa na majembe wakatazama ardhi.

Punje ya kwanza iliwaka sawasawa. Ya pili ilionekana, ikafifia, ikakaa hapo. Bangili zote zilikuwa zimezungushwa isipokuwa moja.

"Amechukua kiasi gani huyu mzee?" dokta alimuuliza Nakijwa kwa sauti ya chini.

"Hakusema."

"Hatembei kama mtu aliyechukua kidogo."

Kirumbe alikuwa bado amesimama pale pale. Nakijwa hakumwita. Alipakua makande, akaanza kugawa sahani, na watu wakaketi, wakapunguza sauti. Hapo ndipo mzee alipoweka jembe chini. Alikuja akiburuta mguu wa kulia, akajishusha taratibu mpaka akaketi ardhini, mbele ya pua ya mbwa, miguu ameinyoosha.

"Shemeji," alisema, bila kumtazama Nakijwa, "akinichukia?"

"Atakuchukia."

"Siku ngapi?"

"Huyu? Mpaka umpe kiporo."

Kitu kilisogea usoni kwa Kirumbe. Aliishika bangili. "Mheshimiwa," alimwambia mbwa, kwa sauti ile aliyoitumia zamani sebuleni, asubuhi, kando ya kitanda, "nakuachia kidogo. Si yote. Mengine ninabaki nayo mimi." Akaizungusha, si mpaka mwisho, akaacha pale dokta alipoinua mkono.

Punje ya pili ikawaka.

Diwani alijaribu kuinuka. Mbele kulinyanyuka, nyuma kukafuata nusu, akakwama. Akageuka akautazama mguu wake wa kulia, akautazama vizuri, akaunusa mshono. Watu waliacha kutafuna. Mbwa alisimama hivyo kwa kitambo, akiwa na miguu mitatu chini na wa nne ameukunja hewani bila kuambiwa na mtu. Kisha akajishusha kidogo kidogo, kwa uangalifu wa mtu mzima anayejua kiti ni kibovu, akajilaza upande wa kushoto. Akapumua kwa nguvu kupitia puani, akausogeza mdomo mbele, na kidevu chake akakilaza juu ya mguu wa Kirumbe.

"Njoo ule, mzee," Mama Eliamani aliita. "Yanapoa!"

"Nileteeni hapa hapa."

"Huko chini?"

"Mguu wenyewe umeshakufa ganzi," Kirumbe alisema, akijaribu kutosogeza hata kidole. "Nileteeni hapa, na msipige kelele. Amelala."